Vijana wasio na karatasi Marekani: faili lao linaanzia hapa Lubumbashi

Ndugu Mhariri,

Tukikutana na wazazi wenye watoto Marekani, iwe kwenye komini ya Katuba, ya Kenya au ya Ruashi hapa mjini, swali linalorudi ni moja: mtoto atapata karatasi lini? Wengi wao wameshapewa jibu na makomisionere, yaani madalali wa karatasi: kuna "sheria ya Obama" ya vijana, lipa kwanza, jina litaingizwa. Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tueleze jambo hili lilivyo. Familia zinatoa pesa kwa ajili ya mlango uliofungwa, na papo hapo zinaacha kazi ambayo hakuna mwingine atakayewafanyia, ya kukusanya vithibitisho vya mtoto vilivyobaki hapa nyumbani.

Hiyo inayoitwa sheria ya Obama jina lake ni DACA, na Bunge la Marekani halijawahi kuipitisha. Ni uamuzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani uliotangazwa tarehe 15 Juni 2012: serikali inaahirisha kumfukuza kijana kwa miaka 2 na kumpa kibali cha kazi, kisha anaomba tena. Haimpi ukaazi wa kudumu wala uraia. Masharti yake yalikuwa makali tangu mwanzo. Kijana awe aliingia Marekani kabla ya kutimiza miaka 16. Awe chini ya miaka 31 siku hiyo ya tangazo. Awe ameishi huko mfululizo tangu 15 Juni 2007. Awe anasoma, amemaliza sekondari au ametumikia jeshi. Asiwe na hatia kubwa mahakamani. Someni tena ule mwaka: 2007. Familia za Wakongo zilizopita Brazili, msitu wa Darién na Meksiko, zikafika San Antonio na Portland ya Maine mwaka 2019, hazina hata mtoto mmoja anayeweza kuingia DACA kwa safari hiyo, hata walipe nini. Na kwa aliyeingia mapema kuliko hapo, tangu hukumu ya jaji wa Texas ya Julai 2021 maombi mapya hayaidhinishwi. Wanaoendelea ni wale waliokuwa nayo tayari, ambao huihuisha kila baada ya miaka 2. Anayewauzia nafasi ya DACA leo, hapa mjini au huko, anawaibia.

Lakini tusiishie kwenye kusema mlango umefungwa. Ulifunguliwaje? Hilo wazazi hawaambiwi, na ndilo lenye faida.

Waliolazimisha uamuzi ule ni vijana wenyewe wasio na karatasi. Mswada wao, DREAM Act, uliwasilishwa Seneti mwaka 2001 na maseneta Dick Durbin na Orrin Hatch, wa vyama viwili tofauti, ukakwama mwaka hadi mwaka. Tarehe 1 Januari 2010 wanafunzi 4 waliondoka Miami kwa miguu kuelekea Washington, mwendo wa maili 1,500 hivi. Tarehe 10 Machi mwaka huo, pale Chicago, vijana walisimama hadharani mmoja mmoja, wakataja majina yao na kusema hawana karatasi na hawaogopi. Tarehe 17 Mei wengine waliketi chini katika ofisi ya seneta John McCain, Tucson, wakakataa kutoka mpaka wakakamatwa. Mwezi Desemba mswada ulipita kwa wabunge, kura 216 dhidi ya 198. Kwenye Seneti ulipata kura 55 dhidi ya 41, na zilihitajika 60. Ulianguka kwa kura 5.

Hapo ndipo walipofanya jambo la akili. Waliacha kwa muda kulilia Bunge, wakamgeukia rais, kwa hoja kwamba serikali yoyote ina uwezo wa kuchagua nani imfukuze kwanza na nani imwache. Mwishoni mwa Mei 2012 walimu wa sheria wa vyuo vikuu karibu 100 walitia saini barua kuonyesha kwamba uwezo huo upo kisheria. Tarehe 5 Juni vijana wawili waliingia katika ofisi ya kampeni ya Obama mjini Denver wakaanza kugoma kula. Siku 10 baadaye tangazo likatoka.

Maandamano ndiyo yanayoonekana kwenye picha. Kazi iliyowabeba ilifanyika mezani, na ni kazi ya faili. Kijana mmoja akipata amri ya kufukuzwa, kikundi cha mji wake kilikaa naye jioni, na cha kwanza kilikuwa kumpelekea mwanasheria karatasi zote: aliingia lini, kwa viza gani au bila viza, kama kuna amri ya zamani ya jaji iliyotolewa bila yeye kuwepo, kama polisi walishawahi kumkamata hata kwa gari lisilo na leseni. Baada ya hapo ndipo walipoandika barua za walimu, za padri au mchungaji, za majirani. Ndipo walipopiga simu kwenye ofisi ya uhamiaji, watu mamia kwa siku, kila mmoja akitaja namba ya faili ile ile. Ndipo ilipowekwa fomu I-246 ya kuomba amri isimamishwe. Mpangilio huo haubadilishwi. Kijana anayetangaza kesi yake kwenye simu kabla mwanasheria hajaisoma anaweza kuwa ametangaza jambo litakalosomwa dhidi yake mbele ya jaji, na neno likishatoka halirudi.

Kuna jambo moja katika harakati hizo ambalo sisi kama wazazi linatugusa. Miaka ya mwanzo wanasiasa walipenda kusema kwamba watoto hawa "waliletwa bila kosa lao". Inasikika kama huruma, lakini maana yake ni kwamba kosa ni la baba na mama. Vijana wengi waliikataa lugha hiyo, wakadai wazazi nao waingizwe. Mwezi Novemba 2014 Obama alitangaza mpango wa wazazi, DAPA; majimbo yakaenda mahakamani, mpango ukazuiwa kabla haujaanza, na mwezi Juni 2016 Mahakama ya Juu iligawanyika 4 kwa 4, ukafa hivyo. Mtoto anayekwambia kwa simu kwamba hatajiombea peke yake akakuacha nyuma, ujue amelelewa.

Turudi kwenye faili, maana hapo ndipo watu walipoanguka. DACA ilipofunguliwa tarehe 15 Agosti 2012, maelfu ya vijana walipanga foleni Navy Pier, Chicago, kujaziwa fomu bure. Fomu zenyewe si ngumu: I-821D, I-765 na karatasi moja ya kueleza hali ya kiuchumi. Ada ilikuwa dola 465, na vikundi vingine vilikopeshana kwa mzunguko kama likelemba yetu. Ugumu ulikuwa kuthibitisha miaka 5 ya kuishi nchini kwa mtu ambaye amefundishwa maisha yake yote asiache alama. Hana mkataba wa nyumba, hana benki, analipwa mkononi.

Tueleze karibu zaidi jinsi kithibitisho hicho kinavyopangwa, kwa kuwa mpango wowote utakaokuja kesho utadai kitu cha namna hiyo. Unachukua daftari, unaandika kushoto miezi yote, mmoja baada ya mwingine, tangu siku ya kuingia. Kulia unaandika karatasi inayoonyesha kwamba mwezi huo ulikuwepo: ripoti ya shule, kadi ya chanjo, risiti ya kliniki, stakabadhi ya kutuma pesa nyumbani, bili ya simu, cheti cha ubatizo au kipaimara chenye tarehe. Ukimaliza utaona matundu, na karibu kila kijana matundu yake yako mahali pale pale: Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Hapo ndipo risiti ya daktari wa meno au ya simu inapokuwa na thamani kuliko diploma. Barua ya kiapo ya shangazi haitoshi; idara ya uhamiaji, USCIS, iliikubali kuziba pengo dogo tu, si kubeba miaka. Kwa hiyo stakabadhi za pesa ambazo mtoto alituma hapa Lubumbashi, zile zenye jina lake, mji na tarehe, msizitupe. Mnazo nyinyi, yeye alishapoteza za upande wake.

Sasa akti ya kuzaliwa. Karibu kila ombi la kijana linaanza na kitu hiki kimoja, na kinatoka kwenye komini zetu. Kwa sheria ya familia ya Kongo iliyorekebishwa 2016, mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto kwa burugumestri, mkuu wa komini, bila malipo. Siku hizo zikipita, etasivili, ofisi ya komini ya kuandikisha vizazi na vifo, haiwezi tena kumwandika yenyewe. Inahitaji hukumu ya mahakama, jugement supplétif. Kwa aliye chini ya miaka 18 unaenda tribinali ya watoto. Kwa mtu mzima, tribinali ya amani, tripaix. Unapeleka ombi lililoandikwa, cheti cha hospitali alipozaliwa kama kipo, na mashahidi wanaojua kuzaliwa kwake. Hukumu ikitoka, soma kila herufi ya jina na kila tarakimu ya tarehe kabla hujaondoka kwa grefye, karani wa mahakama, kwa sababu kosa la herufi moja linarekebishwa kwa hukumu nyingine. Kisha subiri muda wa rufaa uishe, chukua certificat de non-appel, cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa, na upeleke zote mbili etasivili ili kuzaliwa kuandikwe kwenye kitabu na upewe nakala ya akti. Familia nyingi zinaishia kwenye hukumu. Zinaipiga picha, zinaituma, na mtoto huko anaambiwa hii si akti.

Kuna njia ya mkato inayouzwa hapa: akti yenye tarehe ya zamani, kama kwamba mtoto aliandikwa ndani ya siku 90. Tunawasihi msiiguse. Akti ya kweli iliyochelewa inaulizwa maswali, na maswali yana majibu: unaisindikiza na kadi ya kupima uzito na chanjo ya utotoni, nakala ya ubatizo kutoka kitabu cha parokia, buletani za shule ya msingi, cheti cha mtihani wa darasa la sita. Akti ya uongo ikigunduliwa inahesabiwa udanganyifu, na udanganyifu unaweza kumfungia mtoto mlango hata siku atakapooa raia.

Shida nyingine ya kwetu ni majina. Sisi tuna nom, postnom na prénom. Fomu ya Marekani ina jina la ukoo, la kwanza na la katikati, haina mahali pa postnom. Chukua mtoto anayeitwa Ilunga Kasongo Patrick. Shuleni huko anaandikwa Patrick Ilunga, kliniki Patrick Kasongo, na pasipoti inasoma Ilunga Kasongo. Afisa anaona watu watatu. Dawa yake si kubadilisha jina katikati ya safari. Achague mpangilio wa pasipoti, autumie kila mahali kuanzia leo, na kwenye fomu ajaze ile sehemu ya majina mengine aliyotumia, yote, hata lile la kliniki. Nyinyi mtafute komini barua inayosema kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Hiyo barua ni ukurasa mmoja, na imeokoa mafaili mengi.

Mkituma, tumeni picha ya rangi ya pande zote mbili, mbele na nyuma, kwani mihuri yetu mara nyingi iko nyuma. USCIS hupokea nakala. Original ibaki salama mpaka siku ya mahojiano. Tafsiri ya Kiingereza inatakiwa ya karatasi nzima, mihuri pamoja, na mfasiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, kisha atie saini. Ni hayo tu. Haihitaji muhuri wa balozi wala wa notario. Na tukitaja notario: katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini neno hilo ni cheo cha mwanasheria, lakini Marekani ni mtu wa kushuhudia saini tu, hana ruhusa ya kushauri mambo ya uhamiaji. Anayeruhusiwa ni mwanasheria mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao mara nyingi wanafanya kazi na mashirika ya misaada kwa ada ndogo. Kijana aombe kuona idhini hiyo kabla ya kulipa.

Kama DACA imefungwa, kipi kimebaki? Aliyekimbia hatari anaomba hifadhi kwa fomu I-589, ndani ya mwaka 1 tangu siku ya kuingia. Tarehe hiyo ndiyo inayowaponza wengi wetu: wanafika, wanatafuta kazi, wanangoja watulie, mwaka unapita. Mtoto aliyefika peke yake bila mzazi hafungwi na mwaka huo. Na kuna mlango ambao Wakongo wachache wanaujua, wa vijana waliotupwa, kuteswa au kuachwa na mzazi, hata mmoja tu. Uliwekwa na sheria ya 1990. Kwanza jaji wa jimbo anayeshughulikia watoto anatoa hukumu kwamba mtoto hawezi kuungana na mzazi huyo na kwamba si kwa faida yake kurudishwa kwao. Kisha inawekwa fomu I-360 kabla hajafikisha miaka 21, akiwa hajaoa wala kuolewa. Mahali pa kuangalia ni umri: majaji wa majimbo mengi hawapokei tena kesi mtoto akifika 18, kwa hiyo miaka 3 inayoonekana kubaki haipo. Katika majimbo mengi kifo cha mzazi nacho huhesabiwa, na hapo faili linarudi tena Lubumbashi, maana linadai akti ya kifo. Sisi huzika, tunakaa kilio, tunamaliza, hatuendi etasivili. Baba akifariki, andikisheni kifo chake. Wazazi mjue pia kwamba kijana aliyepita mlango huu hataweza baadaye kumwombea mzazi karatasi, hata yule asiyemkosea.

Shule haina shida, na ajabu ni kwamba kuna watoto wanaofichwa nyumbani kwa hofu. Tarehe 15 Juni 1982, miaka 30 kamili kabla ya DACA, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa kukosa karatasi. Shule za mji wa Tyler, Texas, zilikuwa zikidai dola 1,000 kwa mwaka. Chuo kikuu ni hadithi nyingine. Msaada wa serikali kuu hawapati, na ada nafuu ya mkazi wa jimbo inategemea jimbo: Texas ilikuwa ya kwanza kuwapa mwaka 2001, ikaiondoa Juni 2025, California inaitoa kwa aliyesoma huko miaka 3 na kuendelea. Kijana aulize kabla ya kuchagua mji wa kwenda kuishi na mjomba.

Mambo mawili yanaua faili bila mtu kujua. La kwanza ni kusema "mimi ni raia wa Marekani", kwa mdomo au kwa alama ya kalamu kwenye fomu ya kazi, au kujiandikisha kupiga kura baada ya karani wa leseni kumuuliza haraka haraka. Tangu mwishoni mwa Septemba 1996 uongo huo karibu hauna msamaha. Kijana akijaza fomu asome kila kisanduku, asimwachie rafiki amjazie.

La pili linatoka kwetu. Mama amefariki, ukoo umekusanyika, na simu inaenda Marekani: wewe mkubwa, njoo uzike. Aliyekaa huko bila ruhusa zaidi ya siku 180 baada ya kutimiza miaka 18, akitoka anafungiwa kurudi miaka 3. Akizidisha mwaka mmoja, miaka 10. Kabla ya 18 siku hazihesabiwi. Mwenye DACA anaweza kuomba ruhusa ya kutoka kwa fomu I-131, na kuna utaratibu wa haraka kwa msiba, lakini lazima aishike mkononi ndiyo apande ndege. Tunawaomba wazee wa familia: kabla ya kumwita mtoto kwenye kilio, muulizeni mwanasheria wake. Akisema hawezi kuja, msimwite asiye na moyo. Analia peke yake chumbani, na hilo linatosha kumuumiza.

Lubumbashi ina watoto wengi pia Afrika Kusini, kwa hiyo tuseme kidogo. Mtoto akizaliwa huko aandikishwe ndani ya siku 30; cheti anachopewa mtoto wa mgeni hakina namba ya kitambulisho, na wazazi hukidharau. Kisitupwe. Sheria ya uraia, sehemu ya 4(3), inamruhusu aliyezaliwa huko kwa wazazi wageni, akaishi huko mpaka utu uzima na kuzaliwa kwake kukaandikwa, aombe uraia. Vijana 5 walikwenda mahakamani baada ya wizara kukataa kupokea maombi yao, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliagiza wapokelewe. Mwezi Desemba 2019 mahakama ya Grahamstown nayo iliamua kwamba mtoto asiye na hati asifukuzwe shuleni. Na huko pia ilikuwa ni kikundi, mwanasheria na faili.

Ombi letu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kila kijana aliyewahi kushughulikiwa na uhamiaji wa Marekani ana namba inayoanza na herufi A, yenye tarakimu 9. Iko kwenye kibali chake cha kazi na kwenye barua ya mahakama. Akikamatwa, kuna ukurasa wa serikali kwenye intaneti wa kutafuta alikozuiliwa, na kwa mwenye miaka 18 na zaidi familia inaweza kumtafuta hata ikiwa hapa Lubumbashi: inaweka namba hiyo na nchi ya kuzaliwa. Namba haipo, familia inabaki kupiga simu kwa watu wa kanisa siku 4 au 5. Tunaomba mchapishe wiki hii, mahali ambapo msomaji anaweza kukata na mkasi, nafasi 4 za kujaza: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba A, na namba ya simu ya mwanasheria. Na kwa ukurasa ule wa intaneti, muwakumbushe wasomaji waangalie vizuri wanapochagua nchi ya kuzaliwa, kwa sababu orodha ina Kongo mbili, na akichagua ile ya Brazzaville jina la mtoto halitatokea.

Ni sisi wasaidizi wa familia zenye watoto ng'ambo,
Lubumbashi